MAONI YETU: TUSIMCHEKE ANAYEUMWA



Mwenzetu mmoja wa ofisi ya tikiti ameleta shauri lake kwa Chama. Asema tangu kisanduku cha intaneti kipigiliwe ukutani juu ya meza yake, mawimbi yake yamtesa: kichwa chamuuma, uso wawasha, na usiku hapati usingizi. Alipomweleza mkubwa wake aliambiwa huo ni uvivu. Na sisi wenzake tukacheka. Jambo hili si la heshima.

Shauri lenyewe si geni. Huko Sweden, katika miaka ya 1980, makarani waliokaa mbele ya kompyuta walilalamika vivyo hivyo. Mwaka 2002 Bibi Gro Harlem Brundtland, daktari, na wakati huo mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alisema simu ya mkono humtia maumivu ya kichwa. Je, naye ni mvivu?

Lakini Chama kisiwadanganye wanachama. Wataalamu wamewapima watu wa namna hii: mtambo huwashwa na kuzimwa kwa siri, mgonjwa hajui, hata mpimaji hajui. Kufika 2010 yalikuwa yamehesabiwa majaribio 46 ya watu 1,175. Watu waliumwa kweli, lakini waliumwa hata mtambo ulipozimwa. (Fundi apandaye mnara ni habari nyingine. Antena yenye nguvu ikiwa karibu huutia mwili joto, na lazima izimwe kwanza.)

Basi tukidai kisanduku tu kiondolewe, wakubwa watatuonyesha karatasi hizo na kutufungia mlango, na mwenzetu atabaki na kichwa chake. Sisi tulikwenda kuiona ofisi ile. Dirisha limepigwa misumari. Taa yatetemeka mchana kutwa. Karani hukaa saa kumi juu ya kiti kilichovunjika mgongo, macho kwenye kioo, na watu wakimpigia kelele dirishani.

Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kwetu kamati iko kwa jina tu. Twadai ikutane mwezi huu, ikague hewa, mwanga na saa za kazi, na mwenzetu aonwe na daktari kwa gharama ya mwajiri. Mwenye maumivu kama yake ampe katibu wa tawi jina lake kabla ya mkutano wa Jumapili.