Gari la Kazi za Zizini: Lipi Lafaa Modogashe?

Mji wa Modogashe umesimama penye njia panda, mahali ambapo barabara itokayo Isiolo kwenda Wajir hukutana na ile itokayo Garissa. Watu wa hapo huona magari ya kila namna yakipita, na si ajabu mfugaji akatamani kuwa na lake mwenyewe. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini fedha za kununulia gari huko hutoka zizini. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo wengi wa kaskazini ya Kenya walikufa. Mtu aliyebakiwa na mbuzi arobaini hana budi kuhesabu mara mbili kabla ya kuuza kumi.

Yapasa kwanza kuijua kazi yenyewe. Mtu akiulizwa ataka gari la nini, aghalabu hutaja safari ya mnadani au ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Safari hizo ni za kweli, walakini huja mara chache. Safari ya kila siku ni ya maji. Chukua mfano wa nyumba yenye watu wanane. Kila mmoja akipewa lita 20 kwa siku, jumla ni lita 160. Mbuzi wazima, ng'ombe na ngamia huenda kisimani kwa miguu yao wenyewe. Maji yanayobebwa ni ya watu, ya wana-mbuzi walioachwa bomani, na ya mnyama mgonjwa. Ongeza lita 40 kwa hao. Jumla ni lita 200, yaani pipa moja, au mitungi kumi, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mzigo wa siku ni kilo 200.

Mzigo huo waweza kuchukuliwa na gari la punda, ambalo Wasomali huliita gaari dameer, likiwa limeundwa sawasawa na njia ikiwa ngumu. Penye mchanga mwingi ni heri kupakia mitungi sita au saba na kwenda mara mbili, au kufunga punda wawili. Makosa makubwa hayatokani na punda bali na gari. Ekseli ya gari kuukuu yenye beringi nzima na tairi za upepo huvutika kwa nguvu kidogo. Beringi zikiliwa na vumbi bila grisi, punda huvuta gari na pia ubovu wake. Mzigo nao uwekwe juu ya ekseli. Ukizidi mbele, mikono ya gari humlemea punda mgongoni. Ukizidi nyuma, mikono hunyanyuka na mkanda wa tumbo humkaba. Pipa lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji huenda mbele na nyuma kila gari linaposhuka katika laga.

Mkanda wa kuvutia ukae kifuani, chini ya koo, uwe mpana na uzungushiwe kitambaa au gunia laini. Waya na kamba nyembamba hukata ngozi, na punda mwenye kidonda hukosa kufanya kazi kwa majuma kadhaa. Watu husema asante ya punda ni mateke; asante ya mwenye punda, kwa wengi, ni fimbo.

Siku hizi punda ana hatari nyingine. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa, na wizi wa punda ukaenea katika wilaya nyingi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaondoa amri hiyo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Mwenye punda asimwache nje ya boma usiku kwa kutegemea azimio la Addis Ababa. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na miwili, na aliyeibwa hapatiwi badala yake upesi.

Pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma imewavutia vijana wengi, nayo ina sifa zake. Kisima kikiwa mbali, hufanya kwa saa moja kazi ambayo punda hufanya kwa nusu siku, na haili kitu siku isiyofanya kazi. Lakini tazama alama za magari katika njia ya mchanga: ni mifereji miwili yenye tuta katikati. Magurudumu ya nyuma ya pikipiki hiyo yakiingia katika mifereji, gurudumu la mbele hupanda juu ya tuta, na usukani huanza kuyumba. Zaidi ya hayo, injini inayopozwa kwa upepo huchemka inapokwenda polepole na mzigo mzito, maana upepo wenyewe ni haba. Mnunuzi achague ile inayopozwa kwa maji, yenye tairi pana, na kabla ya kulipa aulize kama mafundi wa Modogashe wana vipuri vyake. Kichujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara, kwa maana vumbi ndilo linaloua injini huko.

Kuhusu pikapu, historia yake yafaa kukumbukwa. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa imekusudiwa wakulima, na mwili wake ulifanywa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Pikapu za namna hiyo huchukua yapata tani moja. Nyumba yenye mzigo wa kilo 200 kwa siku italipa mafuta, bima na tairi nne kwa ajili ya nafasi isiyotumiwa. Kweli, Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2020 kugharimia ujenzi wa barabara ya Isiolo kwenda Mandera kupitia Modogashe, na lami huwafanya watu wapende magari. Njia ya kisimani haimo katika lami hiyo. Kwa mnada au mgonjwa, pikapu ya kukodi yatosha.

Ngamia wa mizigo bado ni bora kwa wanaohamahama, kwani hupita pasipo na njia. Lakini wenye boma la kudumu karibu na mji humhitaji kidogo.

Kwa hiyo nyumba moja inunue gari la punda. Nyumba nne au tano zenye kisima cha mbali zaweza kushirikiana kununua pikipiki ya magurudumu matatu, mradi waandike mapema, mbele ya wazee, nani ataiendesha akiwa na leseni, siku za kila nyumba ni zipi, na tairi ikipasuka fedha zitatoka kwa nani.