Muuguzi wa nyumbani anaposema 'naiacha kazi'

Mzazi mwenzangu, kama kwenu kuna muuguzi, tabibu au mtu wa maabara, huenda uliisikia kauli hii wakati wa corona: "Kazi hii naiacha." Wengi tulijibu upesi: vumilia, kazi siku hizi ni adimu. Ni kweli ni adimu, ila jibu hilo halikumsaidia mtu.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Desemba 7 mwaka huo wauguzi na matabibu waligoma, madaktari wakafuata Desemba 21, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na malipo. Mwezi uo huo daktari wa miaka 28 alifariki kwa Covid-19 akiwa hajalipwa kwa miezi kadhaa. Mtu aliyeshuhudia hayo ukimwambia avumilie, anajua humsikilizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi la maana tena. Linasema chanzo ni msongo wa muda mrefu kazini. Kazini, si katika tabia ya mtu! Lakini nyumbani tunaona mama amekuwa mkali, hataki kuguswa, tunadhani amebadilika roho. Wengine waliwakwepa watoto kwa hofu ya kuwaambukiza, na mtoto wa miaka minne hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

Muulize mwenzako: unataka kuacha uuguzi, au kuacha wodi ile, zamu zile za usiku, mkubwa yule? Kuna anayehitaji uhamisho tu, na kuna mwenye likizo ambayo hajaigusa. Akisema haoni haja ya kuishi, hilo usilibebe peke yako. Mpeleke kwa mshauri au daktari siku hiyo hiyo.

Kuna pia anayewaza ng'ambo, maana Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi kwenda kufanya kazi huko. Hapo pigeni hesabu ya karo, mkopo wa sacco na nani atabaki na watoto. Msiipige asubuhi akitoka zamu. Mwache alale kwanza, wewe uwavishe watoto sare.