Kaburi Halina Jina, Gazeti Linalo

Msomaji, ninacho kipande cha gazeti kilichokuwa kimekunjwa ndani ya msahafu wa marehemu mama tangu mwaka 1982. Rangi yake imekuwa kama jani kavu la mgomba, na mikunjo imekula herufi. Ni tangazo la kifo cha baba yangu, kuli wa bandari ya Kilindini. Lilitoka siku ya tatu baada ya maziko, maana sisi maiti hatumlazi. Gazeti lilikuwa la kuwajulisha walio mbali. Lasema: mzee fulani wa Majengo, ndugu wa fulani wa Pemba, mjomba wa fulani wa Siyu, mkwe wa fulani wa Tanga. Kazi yake haikutajwa.

Sikukithamini kipande hicho mpaka mwana wa ndugu yangu alipokwenda kutafuta kitambulisho katika ofisi moja, akaulizwa: babu yako alizaliwa wapi, na nani wa ukoo wenu ajulikanaye? Cheti cha babu hana, kwani babu mwenyewe hakuwa nacho. Basi tukaenda makaburini, mimi na yeye, tukatafute walau alama. Nilikuwa na miaka kumi na mbili siku ile nilipotia udongo wangu konzi tatu, na nilidhani mahali pale sitapasahau. Nilipasahau. Kijiti tulichokisimamisha kichwani kimekwisha oza zamani, na hapo pamezikwa mwengine, na baada yake mwengine tena. Vibao vya bati vilivyokuwa karibu mvua imevifuta vyote.

Wenye nacho hawapotei hivi. Pale Gede liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na tarehe hiyo yajulikana hata leo. Lakini wafanyakazi wapatao 15,000 waliogoma Mombasa Januari 1947, kazi zikalala siku kumi na mbili, nani atakuonyesha walipolala wao? Baba alikuwa mmoja wao. Ami yake ndiye asiye na kaburi kabisa: alikamatwa mwaka 1917 akachukue mizigo ya vita vya Wazungu, asirudi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliifia dola ya Kiingereza katika vita vile bila ya majina yao kuandikwa, na huenda wengine hawakukumbukwa kwa lolote. Ikaomba radhi. Radhi tumeisikia, jina la ami hatujaliona.

Najua nitakayojibiwa: dini haitaki makaburi yajengewe. Ni kweli, nami nilifunzwa hayo chuoni kwa bakora. Lakini mwalimu yule yule alitusomesha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipozikwa Uthman bin Madh'un aliagiza jiwe. Aliyetumwa akashindwa kulibeba, naye Mtume akakunja mikono ya nguo akalichukua mwenyewe, akaliweka kichwani pa kaburi ili alijue kaburi la nduguye. Jiwe si kuba.

Na kama hata jiwe ni zito, daftari je? Msikitini kila tangazo la kifo hutaja baba, wajomba na mashemeji, kisha upepo ukalichukua. Siku hizi hupitishwa kwa simu, na simu ikiharibika ukoo umekwenda nayo. Kila msikiti ushindwe kununua daftari moja la shule? Iandikwe jina la marehemu, la babake na babuye, jamaa zake na miji yao, na safu aliyozikwa. Na kazi yake iandikwe. Kwa nini akifa bwana mkubwa twataja vyeo hata pumzi zituishie, na akifa mchukuzi, dobi au mpishi twasema "mzee wetu" tukanyamaza?

Kwa kipande kile tumempata mjukuu wa yule ndugu wa Pemba, naye ndiye aliyetupa jina la baba yake babu, ambalo kwetu hakuna aliyelijua. Kumpa kijana aende nacho ofisini nilisita, nikihofia karani ataona Pemba na Tanga tu, aseme sisi si wa hapa. Alikwenda nacho. Karani alikisoma mara mbili, kisha akauliza Siyu ni nchi gani.

Kitambulisho twakingoja.