Levye fupi ya vitesi: tutengeneze kwanza kilichochakaa

Makomeno, Lubumbashi. – Kwa vijana wanaopenda magari ya mbio kuna swali ambalo haliishi: je, inafaa kutoa levye ya vitesi iliyokuja na gari na kuweka nyingine fupi, ile inayoingia vitesi ya tatu kwa kusukumwa kidogo tu? Wapendwa wasikilizaji na wasomaji, jibu langu ni hili: kwa gari nyingi za mji huu, hapana, siyo sasa. Pesa hiyo ina kazi nyingine ndani ya gari hiyohiyo, na kazi hiyo haingoji.

Najua kuna watakaosema: familia zilizokimbia vita Kivu, Tanganyika na Kasai zinatafuta unga na pesa ya nyumba, wewe unatuletea habari ya magari ya mbio? Lakini ndugu zangu, kwa familia iliyoacha shamba na nyumba, gari moja la okazyo, lililonunuliwa kwa kuunganisha pesa ya wandugu, linaweza kuwa ndilo shamba lililobaki. Kijana wa nyumba ndiye shofa. Mchana anabeba abiria, usiku anaangalia magari ya mbio kwenye simu, na asubuhi anataka gari ya baba ifanane na alichokiona. Hapo ndipo levye fupi inaingia katika pesa ya chakula, na hapo ndipo habari hii inatuhusu sote.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Levye ya vitesi (wanaotoka upande wa Tanzania wanaita mkono wa gia) ni kama mti wa kunyanyulia jiwe. Juu kuna sehemu unayoishika, chini kuna sehemu inayosukuma fimbo za bwati, katikati kuna egemeo. Levye fupi inahamisha egemeo hilo, au inarefusha sehemu ya chini, ili mkono usafiri kidogo. Tuseme mkono wako ulikuwa unasafiri sentimita 12, sasa unasafiri 8. Ni raha, kweli. Lakini kazi ndani ya bwati ni ileile, kwa hiyo nguvu unayotumia inapanda kwa nusu. Ulichopunguza katika njia, unakilipa kwa mkono.

Na siyo mkono peke yake unaolipa. Ndani ya bwati kuna sinkro, zile pete, mara nyingi za shaba ya njano, zinazolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Sinkro inahitaji muda kidogo. Levye fupi inamtia shofa haraka, naye anasukuma kabla pete haijamaliza kazi yake. Katika gari mpya pete inavumilia. Katika gari iliyokwisha kuzeeka Japani, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia Kasumbalesa, pete hiyo imekwisha choka kabla wewe hujashika usukani.

Tukumbuke pia kwamba nchi yetu inaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yana usukani upande wa kulia vilevile, kwa sababu yanatoka Japani. Shofa wetu anabadilisha vitesi kwa mkono wa kushoto. Kwa wengi mkono huo ndio dhaifu. Kwenye msongamano wa soko la Kenya, anaweka ya kwanza, anaweka ya pili, anarudi ya kwanza, kutwa nzima. Kumwongezea uzito wa nusu nzima siyo kumsaidia.

Sasa tuulize: kwa nini kijana anachukia levye yake? Atakuambia inachezacheza, haijulikani iko vitesi gani, ukitafuta ya tatu unapata ya tano. Hayo ni malalamiko ya haki. Lakini urefu wa levye hauna kosa hapo. Gari ilipotoka kiwandani levye ilikuwa na urefu huohuo na haikuchezacheza. Kilichobadilika ni bushi, vile vipete vya mpira au plastiki kwenye maungio ya levye. Vinachakaa, vinapasuka, vinaacha nafasi. Katika Subaru Impreza levye imeungwa na bwati kwa fimbo yenye maungio, na kila ungio lina chake cha kuchakaa. Katika gari ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, amri ya mkono inasafiri kwa kebo mbili, na ncha za kebo hizo zina bushi pia. Ukiweka levye fupi juu ya bushi zilizokufa, hali inakuwa mbaya zaidi: nafasi kati ya vitesi na vitesi imepungua, lakini ulegevu uko palepale. Utazidi kukosea.

Kwa hiyo nashauri mpango huu, hatua kwa hatua. Moteri ikiwa imezimwa, shika levye ukiwa katika vitesi ya tatu, itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, tafuta bushi kwanza. Pili, angalia supoti za moteri na za bwati: zikikatika, moteri inaruka unapoachia embreaji na levye inaruka nayo. Tatu, embreaji yenyewe. Ikiwa vitesi ya kurudi nyuma inalia kama inasaga mawe, huenda embreaji haiachii vizuri, na hapo hakuna levye itakayokuponya. Nne, mafuta ya bwati. Wengi wanabadilisha mafuta ya moteri na kusahau ya bwati mpaka gari inauzwa tena. Msome kitabu cha gari, au muulize fundi anayekijua, kwa sababu mafuta hayafanani. Bwati nyingi zinataka mafuta yenye alama GL-4, na mafuta mengine ya GL-5 yana dawa inayoweza kula ile shaba ya sinkro. Hatua hizi nne zikimalizika, wengi watagundua kwamba hamu ya levye fupi imepungua yenyewe.

Wako wanaopenda njia ya mkato: kukata levye ya zamani kwa msumeno na kuichomelea tena ikiwa fupi. Hapo nasema wazi, tusifanye hivyo. Egemeo halikuguswa, umepunguza tu sehemu ya juu, kwa hiyo uzito unaongezeka wote. Na mchomeleo ukikatika njia ya Likasi, na lori la madini liko nyuma yako, utabaki na kipande cha chuma mkononi na watoto wa watu kwenye viti vya nyuma.

Je, hakuna mtu ambaye levye fupi inamfaa? Yupo. Ni yule ambaye gari yake haimlishi mtu, bwati yake ni nzima, na anapata furaha ya kweli katika kuendesha. Siyo dhambi kupenda gari. Lakini hata huyo ajue gari yake kwanza. Toyota Altezza, iliyotengenezwa toka 1998 hadi 2005, ile ya RS200 ina bwati ya vitesi 6 na levye imekaa moja kwa moja juu ya bwati. Ndugu ya bwati hiyo imewekwa pia katika Mazda MX-5, gari inayosifiwa kwa levye yake fupi. Yaani kiwanda kilikwisha kukufanyia kazi hiyo. Utalipa mara ya pili kwa kitu ambacho tayari unacho.

Wengine wananiambia: mbona magari ya Safari Rally kule Naivasha yana levye inayosogea kidogo tu? Ndiyo, lakini bwati ile ni ya aina nyingine. Ina vitesi 5 zinazofuatana kwa mstari mmoja, unavuta au unasukuma tu, wala haina sinkro kama za kwetu. Na nyuma yake kuna timu ya mafundi yenye pyesi mpya tayari. Nyuma ya shofa wetu kuna mama anayengoja pesa ya jioni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo napenda wazazi na wenye garaji walisikie. Mji huu, kwa sababu ya Gécamines na reli ya SNCC, umelea vizazi vya watu wanaojua kazi ya chuma. Bushi ya levye ni kitu kidogo sana: fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuitengeneza kwa nailoni au shaba, kwa kipimo sawasawa. Kijana aliyefika hapa kwa kukimbia vita, akifundishwa kupima na kukereza bushi kumi zinazofanana, ana ufundi ambao hakuna bunduki itakayomnyang'anya. Pesa tunayotuma nje kununua levye zinazong'aa ingeweza kumlipa yeye.

Kwa hiyo, baba mwenye gari, usimgombeze kijana anapotaja levye fupi. Amekuambia kwamba gari inachezacheza, na amesema kweli. Nendeni pamoja garajini, mtikise levye, mwangalie chini ya gari, mmwage mafuta ya zamani. Mkimaliza yote, na nyumba imekwisha kula, na bado kuna dola zilizobaki, basi anunue levye yake kwa amani. Bwati itakuwa tayari kuipokea.