Popi hakuwa na kosa

Mwezi huu nilikuwa nimekuandalia mada ya mawifi na jinsi ya kuishi nao bila kununiana. Nimeiweka kiporo. Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani Ngara, na kilichonikuta huko kimenifanya nibadilishe ukurasa mzima. Soma mpaka mwisho, hata kama kwako hufugi chochote zaidi ya mbu.

Kwa wasioijua Ngara, ni mwendo. Unaamkia kwenye basi, unaipita Kahama, unaipita Nyakanazi, unaipita Lusahunga, makalio yamekufa ganzi, ndipo unafika Benaco, pale palipofurika wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994. Kutoka hapo unakata kuelekea Ngara mjini. Milima, ukungu wa asubuhi, migomba na kahawa. Rwanda kule, Burundi huku. Na karibu kila nyumba ina mbwa. Huko mbwa si pambo la kupiga naye picha. Ndiye kengele ya mlangoni, ndiye askari wa usiku, ndiye anayewafukuza ngedere kwenye mahindi. Mshahara wake ni ukoko wa ugali.

Wa mama yangu anaitwa Popi. Jike la kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Tulipofika alikuwa na watoto wanne, macho yao ndiyo kwanza yamefunguka, amewalaza nyuma ya jiko la kuni. Binti yangu ana miaka sita. Ni mtoto wa Dar wa nyumba ya kupanga, mbwa anawajua wa kwenye katuni, wale wanaovaa nguo na kuongea. Alipoviona vile vitoto akachanganyikiwa kwa furaha.

Siku ya pili, jioni, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naongea na baba yake kwa simu. Ukweli usemwe, hatukuwa tunaongea, tulikuwa tunagombana. Ada ya shule, mambo yale yale. Mtoto alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilisikia Popi anaunguruma, nikasikia lakini sikugeuka. Kisha nikasikia kilio.

Alikuwa amemnyanyua mtoto wa Popi kifuani. Popi alimuuma kiganjani, mara moja tu, akachukua mtoto wake kwa mdomo na kurudi kulala. Meno mawili yalikuwa yameingia. Damu.

Hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Kaka yangu alitoka na panga. Mama alitoka na majivu ya jikoni. Mimi nilisimama katikati na simu mkononi, baba watoto bado anaita "Haloo? Haloo?"

"Dada nipishe," kaka akasema. "Mbwa aliyeonja damu ya mtoto haachwi."

Na mama naye: "Mwanangu, ni mkwaruzo tu huo. Tupake majivu, kesho kimekauka."

Sijui kama ningepata nguvu ya kuwakatalia wote wawili kama si jambo moja. Nikiwa darasa la nne, mvulana niliyekuwa nakaa naye dawati moja aling'atwa mguuni na mbwa mpita njia. Kidonda kilikuwa kidogo. Wakampaka tumbaku, kikapona, akarudi kucheza mpira. Kama miezi miwili baadaye akaanza kuugua. Ukimpa maji koo linambana, anayasukuma kikombe kwa hofu. Hakurudi darasani. Lile dawati nililikalia peke yangu mpaka tulipofunga shule.

Nikamwambia kaka, weka panga chini. Nikamwambia mama, leta sabuni.

DAKIKA KUMI NA TANO

Tulimuosha kwa sabuni ya mche na maji ya jerikeni, yanatiririka kidondani, dakika 15 kwa saa ya simu. Jaribu siku moja uone dakika 15 zilivyo ndefu mtoto akiwa analia. Lakini hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Maji mengi na sabuni huviondoa na kuvipunguza nguvu kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Majivu, tumbaku, pilipili, mafuta ya taa, vyote hivyo haviui virusi, vinaumiza kidonda tu na kukupotezea muda.

Kisha nikauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mama, Popi amechanjwa?"

Mama akatazama pembeni. Chanjo ilikuja, akasema. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza. Lakini ilikuwa wakati wa kuanika kahawa, na Popi hajazoea kamba, kumvuta mpaka kwenye kituo kungemshinda. "Nikasema mwakani."

Sikumlaumu. Hata mimi nina mambo mangapi nimeyasema mwakani?

Tukapanda bodaboda, mtoto katikati yetu, mpaka hospitali. Daktari aliuliza maswali matatu: mmeosha? mbwa yuko wapi? amechanjwa? La kwanza akatupongeza. La pili akasema vizuri sana hamjamuua. La tatu akatikisa kichwa, akaandika sindano. Pesa niliyoiweka kwa ajili ya sikukuu ikaishia pale pale, na sijutii hata shilingi.

Baba watoto alipopiga tena aliuliza kitu kimoja tu. "Ulikuwa umemwacha na nani?" Wenzangu mlio kwenye ndoa mnajua swali la namna hiyo linavyochoma, hasa kama jibu lake ni "na wewe, kwenye simu." Siku hiyo sikumjibu. Tulikuja kuongea usiku wa tatu, taratibu, kama watu wazima. Tukakubaliana hakuna mshindi.

UGONJWA USIO NA MSAMAHA

Nieleze kidogo, maana wengi tunasikia "kichaa cha mbwa" tunadhani ni mbwa mkorofi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Lakini ukiwahi chanjo kabla ya dalili, na ukimaliza sindano zote kwa ratiba, unazuilika kabisa. Kati ya kung'atwa na kuugua huwa kunapita wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili mitatu, wakati mwingine hata mwaka. Ndiyo maana kidonda kilichopona kinadanganya.

Wataalamu wanakadiria watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila visa 100 vya binadamu, 99 chanzo chake ni mbwa. Na kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Hawa ndio wanaocheza chini, ndio wanaotumwa dukani, na ndio wanaoficha kidonda kwa kuogopa kuchapwa.

Habari njema ni kwamba dawa yake haipo mbali. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo. Kichaa cha mbwa kikatoweka mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikawa kimetokomezwa mara ya pili. Kama Pemba wameweza, na sisi wa bara tuna kisingizio gani? Kila Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ilianza kuadhimishwa mwaka 2007. Uliza ofisi ya mifugo ya kwenu kama kuna chanjo karibu na siku hiyo.

KWA NINI HATUKUMUUA POPI

Mbwa mwenye virusi kwenye mate hawezi kukaa mzima kwa muda mrefu. Ukimtazama siku 10 tangu alipouma, akabaki anakula, anakunywa, hajabadilika tabia, basi siku ile hakuwa na ugonjwa wa kukuambukiza, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimuua na kumzika, umezika jibu. Ila kumtazama mbwa si kusubiri na matibabu! Sindano zinaanza siku hiyo hiyo, mbwa anatazamwa huku mtoto anatibiwa. Na kama ni mbwa mgeni aliyetokomea, maliza sindano zote.

Kwa hiyo tulimfungia Popi na watoto wake kwenye banda la mbuzi lililokuwa tupu. Kila asubuhi kaka, yule yule wa panga, alikuwa anachungulia na kutangaza: "Amekula." Siku ya kwanza. "Amekula." Siku ya pili. Sijawahi kufurahia mtu kula ugali kama nilivyomfurahia yule mbwa.

Nikapata muda wa kumfikiria. Popi alionya. Aliunguruma. Mbwa haumi ghafla kama tunavyodhani. Anaongea kwanza, sisi ndio hatujui lugha. Anakakamaa, analaza masikio nyuma, anageuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana, analamba midomo wakati hana chakula, anaonyesha meno. Hata mkia kutikisika si lazima iwe furaha. Ukiwa umesimama juu, umekaza, unatikisika kidogo kidogo, kaa mbali. Na usimpige mbwa kwa kuunguruma. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kubisha hodi.

MFUNDISHE MTOTO HAYA

1. Mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto haguswi. Hata kama ni wa bibi. Watoto wengi huumwa na mbwa wanaowajua.

2. Omba ruhusa kwa mwenye mbwa kwanza. Akikubali, simama umuache mbwa akusogelee na kukunusa. Mguse begani au kifuani, si kumwinamia na kumpapasa kichwani.

3. Hakuna kumkumbatia shingoni, kumvuta mkia, kumpanda mgongoni wala kumkazia macho.

4. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono imebana mwilini, angalia chini, nyamaza. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, mikono imefunika shingo na masikio.

5. Mawe tuache. Mbwa anayepigwa mawe na watoto kila siku anajifunza kuwa watoto ni adui, na atakayelipa ni mtoto mwingine.

6. Ukiumwa au kukwaruzwa, sema siku hiyo hiyo. Na wewe mzazi, hapo ndipo usimchape! Akikuogopa wewe kuliko ugonjwa, tumekwisha.

La kwako wewe mkubwa ni moja tu: mtoto mdogo na mbwa hawaachwi peke yao. Na kuwa hatua kumi huku unagombana kwenye simu ni sawa na kutokuwepo. Niulize mimi.

NA MBWA NAYE ANA HAKI YAKE

Tunamtaka alinde, lakini tunampa nini? Maji safi kila siku, kwenye chombo kisichopinduka. Kivuli. Chakula cha kueleweka: ugali uchanganywe na dagaa, utumbo au mabaki ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Chokoleti na vitunguu pia si vyake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, labda daktari wa mifugo akuelekeze vingine. Dawa ya minyoo mpe mara kwa mara, maana mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake huishia mikononi mwa watoto. Kinyesi kifukiwe na mikono ioshwe. Kupe waogeshwe kwa dawa ya mifugo aliyokupimia mtaalamu, si ya kukadiria kwa kizibo. Kama hutaki watoto wa mbwa kila mwaka, uliza kuhusu kumfunga kizazi. Na mnyororo mfupi mchana kutwa unamfanya mbwa awe na hasira na kila kinachopita. Mfungulie ndani ya uzio, mzoeshe kamba tangu mdogo. Siku ya chanjo utanikumbuka.

Siku ya kumi kaka alitangaza mara ya mwisho: "Amekula, na anataka nyingine!" Daktari akasema zilizobaki tuache. Popi alipotolewa bandani, afisa mifugo alikuja na chanjo yake kwenye kiboksi cha baridi. Mama mwenyewe ndiye aliyemshika. Ile kadi ameiweka kwenye mfuko mmoja na kadi yangu ya kliniki ya utotoni, ambayo, amini usiamini, bado anayo.

Kabla hatujapanda basi, binti yangu alisimama mbali, mikono imebana mwilini kama mti.

"Bibi, naomba kumsogelea Popi."

Mama akamtazama mbwa, akatazama vile vitoto vinavyonyonya. "Leo hapana, mjukuu wangu."

Na mtoto akasema, "Haya." Akampungia mkono.

Mpenzi msomaji, leo kabla ya kulala jiulize mbwa wa kwenu, au wa jirani anayelala getini kwenu, amechanjwa lini. Kama hujui, kesho una kazi. Tukutane mwezi ujao na wale mawifi zetu. Hao hawana chanjo.