Barua ya TRA na Blanketi Kumi

Mwezi uliopita nusura nyumba yetu hapa Mbeya iwake moto kwa sababu ya shilingi 1,200,000. Wala si nyumba ndogo, wala si simu ya usiku wa manane. Ni mchango!

Tulikwenda kwetu Iringa kusalimia wazee, tukapita kwenye kituo kidogo cha yatima kinachoendeshwa na muuguzi mstaafu. Baridi ya kule mnaijua, na watoto wanalala wawili wawili blanketi moja. Nikamwambia baba watoto, ile kampuni yako ya vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa itoe chochote. Akauliza, "Wana barua ya TRA?" Jamani! Nilinuna kutoka Mafinga hadi Makambako, na tulipofika Igawa nilishaamua kwamba nimeolewa na kikokotoo.

Kumbe mwenzangu ana hoja. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye biashara kuutoa mchango wa hisani kwenye mapato yake kabla hajapigiwa kodi, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Tuseme kampuni imepata milioni 60 kwa mwaka: asilimia 2 ndiyo hiyo 1,200,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ikitoa zote inaumia kwa 840,000 tu. Zile 360,000 zingekwenda serikalini vyovyote vile.

Kasheshe liko kwa anayepokea. Cheti cha NGO peke yake hakitoshi, mpaka Kamishna Mkuu wa TRA aitambue rasmi kuwa taasisi ya hisani. Yule mama yetu hana barua hiyo, na hajui hata aanzie dirisha gani. Sasa kampuni inayopiga hesabu itampelekea nani fedha, yeye au taasisi kubwa yenye mhasibu wake?

Na sisi wa mishahara, shosti, hatumo kabisa. Punguzo ni la mapato ya biashara. Kodi yangu inakatwa juu kwa juu, nitoe nisitoe. Muuza duka anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake naye hali kadhalika. Wenzetu Uingereza, mlipa kodi akitoa pauni 1, taasisi inaweza kudai peni 25 zaidi serikalini, hata kama mtoaji ni karani tu.

Lakini mbona tunatoa? Msibani, kanisani, msikitini, madarasa ya kata, nani huwa anauliza kodi? Mimi naona punguzo halimbadilishi mchoyo. Linambadilisha anayetoa tayari: kiasi gani, na hasa ampe nani. Hapo ndipo tulipogombana.

Tumepatana hivi. Kampuni imetoa 800,000 kwa taasisi yenye barua, na stakabadhi ikaingia kwenye faili. Mimi nimenunua blanketi kumi kwa mshahara wangu. Halafu baba watoto, bila kuombwa, akasema atamsaidia yule mama kuandaa maombi ya TRA: katiba, hesabu za kituo, makaratasi yote. Jumamosi tunakwenda tena Iringa. Safari hii sitanuna, ila blanketi zinakaa kiti cha mbele, yeye na mafaili yake watajua wenyewe.