Kioo cha Simu: Kituo Rasmi au Fundi wa Kariakoo?

Simu ikianguka kioo kikapasuka, mkazi wa Dar es Salaam ana njia mbili. Anaweza kwenda kituo rasmi cha kampuni, kama Carlcare kwa wenye Tecno, Infinix na itel, achukue namba na kusubiri zamu yake. Au ashuke Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ambako fundi mwenye kimeza kidogo atamwambia, "Kaa hapo bosi, sasa hivi tu." Wengi huamua kwa bei. Hakuna ubaya kuangalia mfuko, ila bei peke yake inadanganya, kwa sababu mara nyingi wawili hao hawauzi kitu kimoja.

Tuanze na kioo chenyewe. Simu nyingi za bei ya kati na ya juu hutoka kiwandani na AMOLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake. Kopi ya bei nafuu aghalabu ni LCD, yenye taa kwa nyuma. Ikishafungwa, simu inawaka, tachi inakubali, mteja anaondoka ameridhika. Baadaye ndipo anagundua kioo kimechomoza kidogo kwenye fremu, na alama ya kidole iliyokuwa chini ya kioo haisomi tena, maana tabaka la taa la LCD limeiziba. Kipimo chake ni rahisi: fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwanga hadi mwisho, kisha uifunike simu kwa viganja. AMOLED inakuwa giza totoro. LCD inabaki na ukungu wa kijivu.

Hapa kituo rasmi kinashinda. Kioo chake kinajulikana kilikotoka, na kazi ina risiti. Lakini tusikipe sifa isiyo yake. Wapo wanaokikimbilia wakidhani waranti itawalipia, ilhali waranti ya kawaida hugharamia kasoro za kiwandani, si simu iliyoangushwa. Tena kituo kwa kawaida hubadilisha kioo kizima, hata pale kilichopasuka ni kile cha juu tu na picha iko salama. Fundi hodari wa Aggrey huilaza simu kwenye sahani ya moto, akapitisha waya mwembamba kati ya kioo cha juu na kile cha picha, akafuta gundi, akabandika kioo kipya cha juu. Mteja anabaki na AMOLED yake ya kiwandani. Kazi hiyo ina hatari, kwani waya ukikosea njia picha inakufa, lakini kwa simu iliyokwisha kuchakaa ni hatari inayobebeka.

Makampuni nayo yamechangia udhaifu wa fundi. Tangu iPhone 11 ya mwaka 2019, simu za Apple zikibadilishwa kioo nje ya mfumo wa kampuni zimekuwa zikitoa onyo kwamba kioo hakikuthibitishwa. Kwenye iPhone 13 ya mwaka 2021, hata Face ID ilikuwa ikizimika, hadi malalamiko yalipoifanya kampuni ilegeze. Jimbo la Oregon nchini Marekani likapitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia mbinu hiyo ya kufunga vipuri kwa programu. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Juni 2025, unazitaka kampuni ziwauzie mafundi vipuri kwa angalau miaka 7 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni.

Kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia Juni 2016. Simu yenyewe hukaguliwa kwa namba yake ya IMEI; kioo kilichofungwa ndani yake hakina anayekiuliza. Pande zote mbili zinapaswa kubanwa. Kampuni inayouza simu nchini imuuzie kipuri halisi fundi yeyote mwenye leseni, naye fundi aandike kwenye risiti aina ya kioo alichofunga na muda wa garantii. Mafundi watasema garantii itawafilisi, kwa kuwa mteja anaweza kukiangusha tena. Wana hoja, ila kioo kilichopigwa chini huacha ufa, na tachi iliyokufa bila ufa wowote ni deni la aliyeifunga.

Kwa sasa, simu mpya ya bei kubwa ambayo waranti yake bado hai ipeleke kituoni, kwani ikifunguliwa nje, kampuni itapata sababu ya kukataa hata kasoro isiyohusiana na kioo. Simu ya zamani mpe fundi, lakini mwambie achomeke kioo na kukijaribu kabla ya kutia gundi. Usimpe nenosiri, maana tachi huweza kujaribiwa hata kwenye ukurasa wa kupiga namba za dharura. Na muulize kwanza ni kioo cha aina gani, ndipo mzungumze bei. Anayekwepa swali la kwanza, la pili msilifikie.